Mkunga wa Kasilu na Serikali Mbili

Waridi binti Alimasi hakuzaliwa mpole, na miaka hamsini na sita haikumpunguzia makali hata chembe. Watu wa Kasilu husema alitoka tumboni mwa mama yake amekunja ngumi, mpaka shangazi aliyempokea akamwambia, "Haya, mgeni, shusha mikono, hakuna anayekupiga." Shangazi huyo ndiye aliyemfundisha ukunga. Baadaye Waridi alikaa Kasongo miezi sita, wauguzi wakamfundisha kuchemsha mkasi, kuvaa mipira ya mikono na kutambua mapema uzazi unaomzidi mkunga, ule wa kukimbizwa hospitali. Alirudi na cheti, koti jeupe lililombana makwapani, na tabia ya kumwuliza kila mtu kama amenawa. Imamu alikuja kumpa pongezi, naye akaulizwa.

Kasilu iko kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, njia ambayo wenye pikipiki wakitaka kuisimulia huanza kwa kuvuta pumzi. Wako Waislamu wa siku nyingi, wenye viduka vya chumvi, sabuni na vitenge, na wako Wakristo wanaolima mpunga, muhogo na karanga. Wamekaa pamoja muda mrefu mno hata sikukuu za hawa zinaliwa na wale. Wanawake, uchungu ukianza, hawaulizani dini. Wanamtuma mtu kwa Waridi.

Miaka kumi na mitatu iliyopita hapakuwa na nyumba ya uzazi. Wanawake walizalia jikoni kwao, na aliyeshindwa alibebwa kwenda Wamaza, penye hospitali. Mounira, mdogo wake Waridi, alibebwa hivyo, siku ya mvua, kwenye kitanda cha kamba kilichoshikwa na wanaume wanne walioteleza kila hatua. Waridi alitembea kando akiwa amemshika mkono. Mvua ilimwagika juu ya tumbo la mdogo wake, na hapakuwa na kitu cha kumfunika ila kanga iliyokwisha kulowa. Alifia njiani, yeye na mtoto. Waridi hakulia pale. Alilia wiki nzima baadaye, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na alipomaliza kulia akawakusanya wanawake akawaambia wanakwenda kufinyanga matofali.

Wakafinyanga, wakachoma, wakajenga kuta. Paa ndilo lililowashinda, kwa sababu nyasi zinavuja na Waridi alikuwa ameapa kwamba hakuna mzazi mwingine atakayelowa mbele ya macho yake. Akaenda kwa sultani wa Mutinga, aliyekuwa akiitawala Kasilu wakati huo, kuomba mabati. Mara ya kwanza akaambiwa sultani amelala. Mara ya pili akaambiwa sultani amesafiri, ilhali aliziona ndala zake mlangoni. Mara ya tatu akakaa uani siku mbili, akinawa mikono kwa birika la watu, mpaka wake za sultani wakamwombea wenyewe ili aondoke. Akapewa mabati thelathini na mawili. Lori lilikwama kwenye daraja bovu, siku mbili za mguu kutoka Kasilu, na wanawake wakaenda kuyafuata, wawili wawili, bati moja juu ya vichwa viwili. Hivyo ndivyo nyumba ilivyopata kofia.

Nyumba ile ina sheria yake, nayo ni ya zamani kuliko matofali. Mtoto akizaliwa, mwanamume hapiti mlangoni, na hakuna kitu kinachoguswa wala kutolewa, si kuni, si mkeka, si msumari, mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Kikianguka, mkunga hufagia majivu ya moto wa uzazi kutoka ndani mpaka nje kwa mkono wake, na hapo ndipo nyumba hufunguka. Mwanamke atakayefagia badala yake anakuwa ameupokea ukunga, na uzazi unaofuata ni wake. Waislamu wanaishika sheria hiyo, Wakristo wanaishika, na wasio na dini wanaishika zaidi ya wote.

Sasa tuje kwenye mto, maana bila mto kusingekuwa na habari.

Tangu enzi za Wabelgiji imeandikwa kwamba mpaka kati ya usultani wa Mutinga, ulio upande wa Kasongo, na usultani wa Lwabeya, ulio upande wa Kabambare, ni mto Kamisuku. Mto wenyewe si wa kujivunia. Kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Ulikuwa ukipita mashariki ya Kasilu, nyuma ya makaburi. Mwaka mmoja mvua zilipiga wiki tatu bila kupumzika, mto ukabomoa kingo, ukaiacha njia yake, ukaja kupita magharibi, mbele ya soko. Watu wa Kasilu walilala Mutinga wakaamka Lwabeya, na hakuna aliyekuwa amesogeza hata kinu.

Miaka minne hakuna aliyejali. Kisha mtu fulani mwenye miwani na nafasi ya kusoma akasoma, na serikali mbili zikaanza kushauriana namna ya kukabidhiana Kasilu. Usicheke nikisema serikali. Kila usultani una mhuri, una bendera, una askari, una mahali pa kulipia kodi na mahali pa kuwafungia wasiolipa, na kwa mtu wa Kasilu hiyo ndiyo serikali anayoijua sura.

Mashauriano ya kwanza yalifanyika mtoni, kila upande kwenye ukingo wake, kwa sababu atakayevuka kwanza angekuwa amekubali jambo ambalo bado halijajadiliwa. Wakashauriana kwa kupaza sauti. Kamaldine, kapita, yaani mkuu wa kijiji, alisimamishwa katikati ya maji, suruali imekunjwa mpaka magotini, akipokea maneno ya huku na kuyapeleka kule. Alikohoa wiki nzima. Mashauriano ya pili yalifanyika Kasongo mjini, penye viti, na huko makatibu wawili, mmoja wa kila usultani, wakapatana juu ya kanuni moja wakaiona nzuri sana: chenye mizizi kinabaki, kinachobebeka kinaondoka. Maana yake, ardhi, miti na soko vitakwenda Lwabeya, na Mutinga itachukua kila chake kinachoweza kubebwa. Lakini ichukue kabla ya sahihi, kwa sababu siku ya sahihi, chochote kitakachokutwa kimesimama Kasilu ni cha Lwabeya.

Mashauriano ya tatu yaliletwa Kasilu kwenyewe, siku ya Jumatatu, barazani kwa Kamaldine. Upande wa Mutinga alikuwa katibu Hippolyte, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Upande wa Lwabeya alikuwa katibu Ayoubu, mwenye sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni. Wenyeji waliruhusiwa kusikiliza. Hippolyte akasoma orodha ya vinavyobebeka: mlingoti wa bendera, meza ya kodi, pingu jozi mbili, kengele ya soko, na mabati thelathini na mawili yaliyo juu ya nyumba ya uzazi. Ayoubu akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Tarehe ya sahihi ikawekwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Waridi alikuwa amesimama nyuma na beseni la sombe, majani ya muhogo, kiunoni. Akaliweka chini.

"Rudia hapo kwa mwisho," akasema.

Hippolyte akamtazama juu ya miwani. "Mama, hii ni mashauriano ya serikali mbili. Weye uko upande gani?"

"Niko upande wa nyumba."

"Hakuna upande kama ule."

"Basi andika, tangu leo iko."

Watu wakacheka, na Hippolyte hakupenda. Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mabati yalitolewa na sultani wa Mutinga, kwamba ofisi ya kodi ya Mutinga imeezekwa nyasi, kwamba mvua ya mwaka jana iliozesha kasha zima la vyeti vya watu, na kwamba hata yeye hafurahi. Alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia, na Waridi alijitahidi.

"Sultani alitoa," akasema Waridi. "Kitu ya kutoa hairudi. Na kama munachukua yenye kubebeka, ile matofali tulibeba na kichwa. Mulango tulibeba. Mimi mwenyewe nilikuja Kasilu kwa mugongo ya mama yangu. Mutatubeba wote?"

Ayoubu akaingilia kwa upole wake. "Mama Waridi, tusivunje amani juu ya mabati. Lwabeya tutawajengea ingine. Ya simenti."

"Siku gani?"

"Iko kwa mpango."

"Huyu Esther-Divine," akasema Waridi, akimwonyesha mwanamke mjamzito aliyeketi ukutani akimenya karanga, "mimba yake nayo iko kwa mpango. Ataingoja simenti yako?"

Ayoubu akaangalia kalamu zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao wawili walikuwa wanagawana kitanda ambacho hawatakilalia kamwe. Hippolyte akatangaza kwamba mafundi watapanda juu ya nyumba kesho yake asubuhi.

Waridi akaokota beseni lake. "Kesho haitawezekana. Nadine amezaa jana."

Ilikuwa kweli. Nadine, mke wa mkulima wa mpunga, alikuwa ndani na binti wa siku moja. Mafundi wa Mutinga, ambao nao walizaliwa na wanawake wa nchi hii, walipoambiwa habari hiyo walishusha ngazi bila kubishana. Hippolyte akauliza kitovu huchukua siku ngapi. Akaambiwa sita, saba, Mungu akipenda. Akahesabu kwa vidole, akaona siku bado zipo, akapanda pikipiki akaenda zake.

Naye Waridi akahesabu. Kutoka Jumatatu ile mpaka Jumamosi ya sahihi zilikuwa siku kumi na mbili. Kitovu cha mtoto wa Nadine kilianguka Jumamosi ya kwanza, lakini Alhamisi iliyotangulia Aurélie, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa amekwisha kuzaa mvulana mwenye sauti ya tarumbeta. Mafundi walikuja, wakaisikia sauti hiyo wakiwa bado sokoni, wakageuza pikipiki. Kijiji kizima kikaanza kuulizana habari za kitovu kama mahali pengine wanavyoulizana habari za mpira. "Kimeanguka?" "Kinashikilia." Wanaume waliokuwa hawajawahi kutamka neno hilo hadharani walilitamka wakinunua chumvi.

Kitovu cha mtoto wa Aurélie kilianguka Alhamisi mchana. Ikabaki Ijumaa tupu, na asubuhi ya Jumamosi kabla ya sahihi. Mwenye zamu iliyofuata alikuwa Esther-Divine, na Esther-Divine alikuwa anakula vizuri, analala vizuri, na mtoto wake hakuwa na haraka na mtu.

Alhamisi hiyo hiyo Anastasie, mama mkwe wa Esther-Divine, alimfuata Waridi nyumbani kwake akiwa ameficha kitu ndani ya kitenge. Yalikuwa majani fulani, machungu, na wote wawili waliyajua. Ukiyachemsha na kumnywesha mjamzito, uchungu huja siku hiyo hiyo.

"Imebaki siku chache tu azae," Anastasie akasema. "Mutoto amekomaa. Tumupe kidogo. Kesho nyumba itakuwa na kitovu, na mabati itapona."

Waridi akayatazama yale majani kwa muda. Nitasema wazi: alishawishika. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amekwisha kuiona nyumba yake kichwa wazi, mvua za mwezi ule zikiingia, mwanamke amelala na maji yakimdondokea. Mtoto alikuwa amekomaa kweli. Huenda lisingetokea lolote.

Kisha akayachukua majani akayatupa kwenye moto.

"Ile nyumba tulijenga ili mwanamuke asikufe juu ya mambo ya wengine," akasema. "Nikimupa Esther-Divine hii dawa juu ya mabati, basi wabebe mabati, maana nyumba itakuwa imekwisha kuanguka."

"Na kesho utawaambia nini?"

"Sijui. Nenda ukalale, Anastasie. Na unawe mikono, ile majani ni mubaya."

Asubuhi ya Ijumaa Hippolyte alifika na mafundi wanne na ngazi mbili. Wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika uani, na Kamaldine naye alikuwapo, akitamani kuwa mahali pengine. Waridi alikuwa ameketi kizingitini amevaa koti lake jeupe.

"Kitovu?" Hippolyte akauliza.

Angeweza kudanganya. Aurélie alikuwa tayari kurudi na mtoto wake, kitambaa kikafungwa tumboni, nani angefunua? Lakini mkunga anayedanganya habari za kitovu kesho atadanganya habari za damu. "Kimeanguka jana," akasema. "Leo hakuna."

Hippolyte hakuwa ametegemea ukweli. Kisha akawaashiria mafundi. Hawakusogea. Mkubwa wao akaonyesha kwa kidevu majivu ya moto wa uzazi, yaliyoonekana ndani, mlango ukiwa wazi, na ufagio ulioegemea ukuta.

"Haiyafagiwa," akasema fundi.

"Mama Waridi," akasema Hippolyte, "bado hujafagia?"

"Siyafagia."

"Basi fagia."

"Sitaki."

Hata kuku walionekana kufikiri. Hippolyte akamgeukia Kamaldine. "Kapita, muamuru huyu mama afagie."

"Miye?" Kamaldine akashika kifua. "Bwana sekretere, muke yangu alizalia humu mara ine. Miye nalala nyumba moja na yeye."

"Basi mwanamuke yeyote. Weye, mama, kamata ufagio."

Aliyeambiwa alikuwa Anastasie. Akaitazama mikono yake, akasema inamuuma. Wa pili akasema ufagio ule ni mfupi. Nadine akasema ana mtoto mgongoni. Mmoja baada ya mwingine, kila mwanamke wa Kasilu akaugua ugonjwa mpya pale pale uani. Hippolyte akawa mwekundu wa masikio. Alikuwa mtu wa vitabu, na ndani ya vitabu vyake vyote hapakuwa na adhabu ya mtu aliyekataa kufagia.

Akafanya kosa. Akavua miwani, akaiweka mfukoni, akavuka kizingiti nusu, akaushika ufagio mwenyewe.

Waridi hakumzuia. Alisogea kidogo kumpa nafasi. Lakini Anastasie, yule mwenye mikono inayouma, akapiga kigelegele kirefu mpaka mbwa wakajibu, na wanawake wote wakamfuata, wakaanza kupiga makofi kama wanavyompigia mkunga mpya siku anapopokea kazi. Esther-Divine akanyanyuka taratibu, tumbo mbele, akamsogelea katibu wa serikali.

"Papa Hippolyte, aksanti," akasema kwa adabu kabisa. "Mwenye kufagia ndiye anapokea anayefuata. Anayefuata ni miye. Utanizalisha weye?"

Mafundi waliangua kicheko kwanza, na ngazi moja ikaanguka. Hippolyte aliushusha ufagio polepole, kama mtu anayeweka chini yai. Akavaa miwani, akatoa daftari, akaandika kwa muda. Kisha akasema atarudi kesho asubuhi na askari, wawe wenye mila au wasio na mila, na mabati yatashuka kabla ya sahihi, kwa ufagio au bila ufagio. Wakati huo wanawake hawakucheka, kwa sababu waliona hasemi mzaha.

Jumamosi ilianza na mvua. Haikuwa ya kunyesha ikapita. Ilikuwa ile ya mwezi wa kumi na moja, inayoketi. Saa moja ya asubuhi Esther-Divine alikuja mwenyewe kwa miguu, ameshika kiuno, akasema, "Mama, nafikiri iko leo." Hakuna aliyemnywesha kitu. Waridi akafagia yale majivu kwa mkono wake, akawasha moto mpya, akachemsha mkasi, akamwita Aurélie amsaidie.

Hippolyte alifika saa tatu na askari wawili, wote wamelowa mpaka mifupani, pikipiki moja wakiwa wameiacha matopeni. Muda si mrefu akafika Ayoubu kutoka upande wa pili, kalamu zake tatu zikivuja wino kifuani. Baraza la Kamaldine, lililotayarishwa kwa sherehe, lilikuwa la nyasi, nalo lilivuja juu ya meza, juu ya viti, juu ya bendera zote mbili. Hati ya makabidhiano ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kila walipojaribu kuitoa, tone liliingia. Barua kutoka juu ilikuwa imesema sahihi iwe siku hiyo hiyo, la sivyo mashauriano yote yaanze upya, kuanzia mtoni. Kamaldine aliposikia neno mtoni akakohoa.

Kasilu nzima kulikuwa na mahali pamoja tu pasipovuja. Makatibu wawili wakatazamana, wakainua makoti juu ya vichwa, wakakimbia. Kamaldine na askari wakakimbia nyuma yao.

Waridi aliwasikia wakigombania nafasi chini ya ukingo wa paa. Akafungua mlango robo, akasimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Nyuma yake Esther-Divine alikuwa anaguna. Mvua ilipiga juu ya mabati kwa kelele nyingi, na wanaume wote watano walikuwa wamekingwa kuanzia mabegani kwenda juu.

"Polepole hapo," akasema. "Kuna mutu anafanya kazi."

Ayoubu akauliza kwa upole kama wangeweza kupata meza. Dakika kumi tu. Hata kiti.

"Meza iko. Iko kavu. Lakini nyie hamuingii, na meza haitoki mpaka nijue iko ya nani. Ile mabati juu ya kichwa yenu, munasema iko ya nani?"

"Ya Mutinga," Hippolyte akasema.

"Basi ishushe. Askari, panda." Askari hawakupanda. Walisikia mguno wa Esther-Divine, wakasogea hatua moja mbali na mlango. "Humu mutoto anakuja, na weye unajua sheria. Umebaki na mambo mawili, Papa Hippolyte. Ukakae kwenye mvua na karatasi yako, ao uandike kwanza. Hapo chini, kwa kalamu yako: mabati inabaki."

Maji yalikuwa bado yanamchuruzika Hippolyte shingoni. Nadhani alikuwa amechoka, na nadhani pia alikuwa ameona aibu ya jana. Akasema, "Andika, Ayoubu. Mabati thelathini na mbili zimeachiwa Lwabeya."

Ayoubu akaanza kuandika, akishindwa kuificha furaha usoni.

"Futa," Waridi akasema.

"Mama?"

"Futa hiyo Lwabeya. Kesho mutakuwa na ofisi yenye kuvuja, nyie pia. Andika: nyumba na mabati iko ya wazazi wa Kasilu. Hakuna sultani ataibeba, wala huyu, wala yule, wala mwenye kuja nyuma yao, hata mto ukihama tena."

"Hiyo haikuwa kwa mashauriano," Ayoubu akasema, na upole wake ukapungua kwa mara ya kwanza. "Serikali mbili haziwezi—"

"Basi mvua iko pale."

Alionyesha. Wote wakaitazama. Ilikuwa mvua nzuri, nzito, isiyo na dalili ya kwisha. Kamaldine, ambaye katika mashauriano yote hakuwahi kusema neno lake mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Andikeni tu, jamani. Miye mtoni sirudi."

Wakaandika. Waridi akampa Aurélie karatasi aisome kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, na Aurélie akasoma kwa sauti ya darasani, akarudia mstari wa mwisho mara mbili. Ndipo meza ikatolewa, maana mtoto alikuwa hajazaliwa bado, ikawekwa chini ya ukingo wa paa. Hippolyte akatia sahihi, akapiga mhuri wa Mutinga. Ayoubu akatia sahihi, akapiga mhuri wa Lwabeya. Mikono ilikwisha kunyooshwa ili hati irudi kwenye plastiki, Waridi akaizuia kwa kiganja.

"Na mimi."

"Hakuna nafasi," Hippolyte akasema. "Iliandaliwa nafasi mbili."

Waridi akaitwaa kalamu mkononi mwa Hippolyte, akainama, akaandika Waridi binti Alimasi, herufi kubwa, pembeni mwa karatasi, mstari ukipanda kwenda juu kwa sababu mguu mmoja ulikuwa bado ndani na hakutaka kuutoa. Wino wake ulikuwa haujakauka Esther-Divine alipoita.

Hippolyte aliitazama sahihi ile, kalamu yake ikiwa bado mkononi mwa mkunga. "Nitaandika ulisaini kwa niaba ya nani?"

"Andika unavyoona," akasema Waridi. "Ila musiondoke na meza."

Akawarudishia kalamu, akafunga mlango, akaenda kunawa mikono.